Marehemu naye anapalilia?

Mhariri,

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa wakala wa gazeti lako hapa Newala kulipia tangazo la kumbukumbu. Bibi yangu mzaa mama ametimiza miaka 30 tangu atutoke. Kijana wa pale, mpole sana, akanipa fomu na kiti. Nikajaza tarehe ya kufariki. Nikajaza kijiji. Nikajaza watoto, wajukuu, na wakwe walioko Dar es Salaam ambao wasipotajwa huleta maneno. Kisha nikarudi juu kwenye mstari wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka nikijidanganya kwamba nitaurudia: JINA LA MAREHEMU. Kalamu ikagoma.

Mhariri, mimi nimekuwa karani wa korosho miaka 38. Nimeandika majina ya watu mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Ya wakulima, ya wapagazi wa maghala, ya madereva wa malori, hata ya mbuzi mmoja aliyekuwa dhamana ya deni. Jina la mwanamke aliyenilea sikuwa nalo.

Kijana akaona nimeduwaa, akanisaidia. "Mzee, andika tu Mke wa Marehemu Mzee fulani. Wengi huandika hivyo."

Kweli wengi huandika hivyo. Alikuwa na rundo la magazeti ya zamani pembeni, nikayapekua kurasa za tanzia. Wanaume wana majina matatu matatu, na vyeo. Wanawake ni Mama Fulani, Bibi wa Ukoo wa Fulani, Mjane wa Fulani. Nikaikunja fomu nikaondoka nayo bila kulipa. Barua hii inahusu mstari ule mmoja.

Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Alikuwa akisema kwamba Wajerumani walipopita na wapagazi wao wakikimbilia ng'ambo ya Ruvuma, yeye alikuwa mtoto wa kubeba kibuyu kidogo. Hiyo ni Novemba 1917, kwa hiyo mimi humkadiria 1910. Alikuwa na chale za uso na alivaa ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye tundu la mdomo wa juu. Nilipopata akili ndonya ilishatolewa, tundu limebaki, na sisi watoto tulikuwa tukimvizia akinywa uji tuone kama utapita. Haukupita hata siku moja.

Wasomaji wanaoishi karibu na mito hawawezi kuyaelewa maji ya Newala. Uwanda wetu uko juu, na mchanga wake unameza mvua yote. Chemchemi ziko chini, mguuni mwa mlima. Bibi alikuwa akiondoka jogoo wa kwanza, mtungi kichwani, kata ya majani ya mgomba chini yake, wakishuka yeye na wenzake kwa mstari gizani. Kushuka ni magoti, kupanda ni pumzi. Jua likitoka nao ndio wanafika juu. Mtungi ule mmoja ulikuwa wa kupikia, wa kunywa, wa kumwogesha mtoto na wa wageni. Maji ya kunawia mikono kabla ya kula hayakumwagwa. Yalikwenda kwa kuku. Nilikuja kumkuta binamu yangu mmoja wa Dar es Salaam akisukutua kwa kikombe kizima cha maji, nikasikia moyo wangu unakwaruzwa, na mimi ni mtu mzima mwenye pensheni.

Gizani walikuwa wakiitana. Wa mbele anaita wa nyuma, wa nyuma anaitikia, wajue hakuna aliyeteleza wala aliyenyakuliwa na mnyama. Hilo aliniambia mama mdogo juzi tu, na nitalirudia.

Miaka ya hamsini mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kutoka mabondeni, tukawa tunanunua kwa debe. Bibi alinunua, lakini hakuutupa mtungi. Mashine ilipoharibika, yeye hakushangaa.

Mikorosho yake ilikuwa 43. Najua idadi kwa sababu niliihesabu mimi, tena zaidi ya mara moja, kwa ajili ya mgawo wa salfa. Bibi aliipanda wakati babu yuko Nachingwea kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, yaliyoanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Babu alirudi na blanketi na kikohozi. Reli waliyoijenga kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga zile baadaye iling'olewa. Mikorosho ya bibi ipo mpaka leo, imezeeka, inahitaji kukatwa matawi, lakini ipo. Alifukia mbegu mtoto akiwa mgongoni, na kila shimo alitia mbegu tatu: moja ya panya, moja ya jua, moja ya kwetu.

Kuanzia hapo kazi haikuwa na mwisho. Kupalilia, kufagia chini ya miti kabla hazijaanza kudondoka, kuokota umeinama tangu asubuhi, kunyofoa korosho kwenye bibo, kuanika, kuchambua. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijijini, mikorosho ikabaki nyuma, mwendo wa saa mbili. Wengi waliiacha ikamezwa na pori. Msimu wa 1973/74 nchi hii iliuza tani zipatazo 145,000 za korosho, na miaka kumi na tatu baadaye tulikuwa hatufikii hata tani 20,000. Wataalamu wana sababu nyingi, ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga ukiwemo. Sababu niliyoiona kwa macho ni umbali. Bibi alikuwa akitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na jembe begani, akiwa na miaka zaidi ya 60.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilianza ukarani mwaka 1977. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka uliotangulia, na korosho zilinunuliwa na Mamlaka ya Korosho kupitia vijiji. Nilipewa meza, mzani, daftari kubwa la jalada gumu na kalamu mbili. Daftari nililirithi na majina yake. Msimu wangu wa kwanza bibi akaja na gunia kichwani, akalitua kwenye mzani: kilo 61. Nikatafuta jina lake kwenye daftari. Halikuwepo. Lilikuwepo la babu, aliyekuwa amezikwa mwaka 1969. Nikaandika kilo 61 kwenye jina la babu.

Bibi hakujua kusoma, lakini aliuona mkono wangu umesimama kwenye ukurasa uleule wa zamani. Akaniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani:

"Mume wangu, huyo marehemu amekuja kupalilia lini?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaendelea kuandika jina la babu kwa misimu 17, mpaka bibi naye alipokufa. Hakuna mkubwa aliyenilazimisha. Kubadili jina kulihitaji barua ya mwenyekiti na sahihi ya mjomba, na mimi nilikuwa na foleni.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1992, alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, mwanamke wa makamo, akifundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya huku. Alikuwa mjukuu wa wakulima wa Nebraska, ambayo ni nyika tupu ya katikati ya nchi yao, mbali na bahari zote mbili. Jioni alikuwa akija kwetu kujifunza Kiswahili, na daima alikuwa na daftari nene. Nilidhani ni la maneno. Kumbe alikuwa akiandika historia ya ukoo wake, na sehemu iliyomsumbua ilikuwa moja tu: mama yake bibi yake.

Nikawa mkalimani kati yake na bibi. Sijapata kuona wanawake wawili wasiojuana lugha wakaelewana hivyo.

Alimsimulia kwamba mwaka 1862 serikali yao ilitoa sheria ya kugawa mashamba, ekari 160 kwa mtu, sharti akae na kulima miaka mitano. Mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa kuomba. Mjane aliruhusiwa. Mwenye mume hakuruhusiwa, kwa sababu mkuu wa kaya ni mume. Walijenga nyumba kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa na nyasi zake, kwa sababu miti haikuwepo. Walipikia magunzi ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe. Bibi akaitikia kichwa kwa kila neno. Nyumba ya udongo anaijua. Alipoambiwa kwamba mahindi yenyewe mengi hulishwa nguruwe, alinigeukia akaniambia nitafsiri vizuri.

"Na maji?" akauliza.

Mwanzoni yule mama wa Nebraska alibeba kwa ndoo kutoka kijitoni. Baadaye wakachimba kisima, wakaweka pangaboi kubwa juu ya mnara, upepo ukawa unavuta maji. Bibi akakaa kimya akiufikiria upepo wa Newala, ambao kama mnavyojua hauna kazi nyingine ila kung'oa mabati.

Fedha yake mwenyewe ilikuwa ya mayai na siagi. Akipeleka dukani anabadilisha na sukari, kahawa, vitambaa. Ngano na ng'ombe zilikuwa za mume. Hapo bibi alipiga paja. Fedha ya kuku! Na yeye chumvi, khanga na ada zangu za shule zilitoka kwenye kuku, kwa sababu kuku hakupita kwenye mzani wa karani. Alinitazama aliposema hivyo.

Kilichomsumbua yule mwalimu ni makaratasi. Sensa za kwao ni za kila miaka kumi, tangu mwaka 1790, na mpaka mwaka 1840 ziliandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote walikuwa hesabu. Kuanzia mwaka 1850 kila mtu huru akaandikwa kwa jina. Kwa hiyo mwaka 1880 yule mama yupo, lakini kwa jina la ukoo wa mumewe, na la kwao limeshapotea. Mbele ya jina, kwenye safu ya kazi, karani ameandika "kutunza nyumba". Huyu ni mtu aliyekamua ng'ombe, aliyevuna mahindi kwa mkono, aliyezalisha majirani. Kutunza nyumba! Nilitamani kumtetea karani mwenzangu, kwamba labda naye alikuwa na foleni, lakini nikanyamaza. Ya 1890 haipo; karatasi zake nyingi ziliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921. Magazeti ya mjini kwao yalimwita Bi Fulani kwa jina la kwanza na la pili la mumewe, kana kwamba yeye ni kiraka kilichoshonwa kwenye koti la mtu.

Jina lake mwenyewe lilionekana mara mbili. Kwanza, mume alipokufa kabla ya miaka mitano kutimia, mjane akamalizia kukaa na kulima, na hati ya shamba ikatoka kwa jina lake. Niliwaza sana juu ya hilo baadaye. Kule mwanamke alipata jina kwa kufiwa. Huku bibi yangu alifiwa, na mimi nikaendelea kumwandika marehemu.

Mara ya pili ni sensa ya mwaka 1900. Mwaka huo waliwauliza wanawake swali: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Yule mwalimu akafungua ukurasa aliokuwa ameunakili kwa mkono. Amezaa wanane. Hai watano. Katika ukoo wao hakuna aliyekuwa amewahi kusikia habari za wale watatu.

Nilipotafsiri, bibi hakusema kitu kwa muda. Alikuwa akichambua kunde, akaacha. Kisha akasema: "Mimi tisa. Hai wanne. Niandikie na mimi."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nikamwambia, nitaandika kesho bibi, giza limeingia.

Yule mgeni naye akaniomba nimuulize jina, ili aliweke kwenye daftari lake. Nikauliza. Bibi akacheka. "Nani anauliza?" Nilidhani ni utani, nikamjibu mgeni kwa niaba yake: anaitwa Mama Saidi. Akaandika. Saidi ni mjomba wangu mkubwa.

Nilichukua miaka 30 kuelewa kwamba bibi hakuwa akitania. Alikuwa na majina manne, na kila moja lilikuwa na mwenyewe. La utoto, alilopewa na mama yake. La unyago, alilotoka nalo kwa nakanga, mwalimu wa unyago, ambalo likishatoka lile la utoto huzikwa. La dini, alilopewa na mwalimu wa chuo siku ya nikahi. Na hilo la Mama Saidi, ambalo ni la kila mtu. Mkwe halitamki jina lake. Mtoto halitamki. Mjukuu anasema Bibi. Sisi Wamakonde ukoo wetu, litawa, unapita kwa mama. Mimi ni wa litawa la bibi, si la babu. Na bado tulikuwa tumemheshimu bibi mpaka tukampoteza. Wale wa Nebraska walimfunika mwanamke kwa jina la mume. Sisi tulimfunika kwa adabu. (Hata ile hadithi yetu ya asili, ya mwanamume wa kwanza aliyechonga mwanamke kwa gogo, akamsimamisha nje usiku, kulipokucha akawa mtu, akawa mama yetu sote. Nimeisikia mara mia. Sijasikia huyo mama anaitwa nani.)

Kabla bibi hajazaliwa, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alifika hapa Newala na kamera na mashine ya kunasa sauti. Alipiga picha za wanawake wenye ndonya, na makusanyo yake yakaenda Leipzig. Huenda mama yake bibi yumo humo, anatazama kamera. Kama yumo, hakuna tena wa kumwambia mtu kwamba huyu ni nani.

Nilipotoka kwa wakala na fomu yangu nikaanza kutafuta. Binamu zangu wote walikuwa na Bibi na Mama Saidi. Kadi ya chama ilikuwa na Mama Saidi. Mjomba mmoja alikumbuka jina, kumbe la shangazi yake. Mwisho nikaenda Tandahimba kwa mjukuu wa mama mdogo, na pale yupo binti wa miaka 12 ambaye tangu azaliwe sote tunamwita Bibi. Nilidhani ni mapenzi tu. Mama yake akanishangaa. "Babu, huyu amerithishwa jina la bibi. Mimi ningemwitaje kwa jina, na ndilo la mkubwa wangu? Ndiyo maana tunamwita Bibi." Akaingia ndani akaniletea kadi ya kliniki. Jina lilikuwa pale, kwa mwandiko wa nesi, limekaa kwenye kabati miaka 12.

Nikalipeleka kwa mama mdogo kulithibitisha. Ana miaka zaidi ya 80, masikio yamepungua, nikalazimika kulisema kwa nguvu. Akashika mdomo. Kisha akasema ndilo, ndilo wenzake walilokuwa wakimwitia usiku wakishuka kwenye maji. Aliwahi kushuka nao akiwa msichana. Wa mbele anaita, bibi anaitikia.

Mhariri, ninayokuomba si makubwa. Mawakala wako wasimpokee marehemu wa kike asiye na jina lake. Mleta tangazo akisema Mke wa Fulani, aambiwe arudi nyumbani akaulize, kama nilivyokwenda mimi. Kuna mama mdogo mahali, kuna kadi ya kliniki. Na kwa makarani wenzangu wa vyama vya msingi mnaosoma hapa, mliopokea madaftari na majina yake kama nilivyopokea mimi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Barua ya mwenyekiti na sahihi ya mjomba ni kazi ya asubuhi moja. Mimi nilikosa asubuhi hiyo kwa misimu 17.

Jina lake silitaji humu. Mama mdogo ameomba lionekane mara ya kwanza kwenye tangazo lenyewe, siyo katikati ya maneno yangu. Fomu nimeiambatanisha na fedha yake. Mstari wa kwanza nimeujaza kwa herufi kubwa. Kwenye kazi nimeandika: mkulima wa korosho, mikorosho 43. Fomu haina nafasi ya kuandika watoto aliozaa, kwa hiyo nimeandika pembeni, kwa wima: tisa, hai wanne. Kijana wa wakala ananiambia ya pembeni huwa hayachapwi. Naomba yachapwe. Kama yana bei yake, nijulishwe nitamtuma mtu alete.

Karani mstaafu,
Newala, Mtwara